Naombeni ushauri: nataka kumpeleka mzee wangu Butiama kwa Mwalimu

Habari zenu wakuu. Mwezi wa kumi nataka nimpeleke baba yangu Butiama akaone nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, maana tangu azikwe pale 1999 mzee kila mwaka anasema ataenda na haendi. Ana miaka 78 sasa, magoti yanamsumbua, na kadi yake ya TANU bado anayo, imechakaa pembeni kote kaifunga kwenye nailoni anaiweka chini ya godoro, juzi kaitoa akaniambia "hii tutaenda nayo". Nikaona hapana, mwaka huu lazima.

Sisi tuko Dar. Nawaza tupande basi mpaka Mwanza, tulale, asubuhi tuchukue gari la Musoma tushuke pale Makutano halafu tutafute usafiri wa kuingia Butiama, ila kwa mzee wa magoti sijui kama hiyo ya kushuka shuka itamfaa au bora nikodi gari kabisa kuanzia Mwanza? Na kulala, ni bora Musoma mjini au pale pale kuna gesti nzuri?

Kingine, makumbusho naelewa unalipa kiingilio, lakini kule Mwitongo kwenye kaburi na nyumba za familia ni mpaka uombe ruhusa kabla? Kuna mawe mawe mengi, mzee atapita? Halafu tarehe 14 yenyewe ya kumbukumbu, watu si watakuwa wengi sana, au ndo siku nzuri zaidi kwake? Aliyewahi kwenda na mzazi naomba anielekeze tafadhali.