Mahakama za tiba kwa wanajeshi wastaafu: je, zinaweza kumfaa kaka yangu?

Muulizaji, Jinja
Ndugu zangu, kaka yangu alitumikia UPDF, jeshi letu la Uganda, na kupelekwa Somalia mara mbili. Tangu astaafu halali usiku. Hukaa kizingitini akiitazama barabara, na pombe ya waragi ndiyo dawa yake. Mwezi uliopita alimpiga mwendesha bodaboda aliyempigia honi kwa nyuma, na sasa ameshtakiwa. Nasikia Marekani kuna mahakama za tiba kwa watu kama yeye. Je, zinafanana na mahakama zetu za kijeshi?

Jibu, Kampala
Pole, dada. Hazifanani. Zile ni mahakama za kiraia, na iliyovuma zaidi ilianzishwa Buffalo, New York, Januari 2008, na Jaji Robert Russell. Mshtakiwa hukubali kutibiwa kwa mwaka mmoja au zaidi, hupimwa ulevi, na hurudi mara kwa mara mbele ya jaji yuleyule. Akimaliza, shtaka huweza kufutwa au adhabu kupunguzwa, na akikaidi kesi huendelea kama kawaida.

Jibu, Gulu
Mimi pia ni mstaafu. Kabla ya mahakama hiyo kuanzishwa, mzee mmoja aliyepigana Vietnam alisimama mbele ya Russell amejiinamia, hajibu lolote. Jaji akawaomba wafanyakazi wawili waliowahi kuwa askari wakazungumze naye ukumbini. Aliporudi, alisimama wima na kusema atajaribu. Ndiyo maana kila mshtakiwa hupewa askari mwenzake wa kujitolea. Daktari nitamdanganya, afande aliyelala handaki moja nami, simwezi.

Jibu, Mbale
Na aliyepigwa je? Mbona hakuna anayemuuliza? Hata huko Marekani, baadhi ya mahakama hizo hazipokei kesi za ukatili.

Jibu, Kampala
Swali la haki. Hapa Uganda shambulio la kawaida lina kifungo kisichozidi mwaka 1, lakini lililojeruhi mwili hufikia miaka 5. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000 inahusu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 2, nayo humpa mtu kazi, si matibabu. Mpeleke Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Kampala, apimwe, kisha wakili aiwasilishe ripoti kwa hakimu.

Muulizaji, Jinja
Nashukuru. Kijana alishonwa nyuzi tatu mdomoni. Mimi ndiye niliyempeleka zahanati na kulipa. Hati ya shtaka sijaisoma. Afande wa Gulu, naomba uzungumze na kaka kwa simu.

Jibu, Gulu
Jioni, kabla hajaanza kunywa.