Mrejesho: mama na kope zilizokuwa zikimwanguka jioni
Asalaam aleikum. Niliuliza kuhusu mama, hapa Kisauni: asubuhi mzima, ikifika magharibi kope zinaanguka na chakula kinamkwama. Wengi mlisema presha, wengine hasadi. Shukran sana aliyesema twende kwa daktari wa neva. Ni maistenia gravisi: kinga ya mwili inashambulia vipokezi vya asetilikolini (kemikali inayobeba ujumbe), pale neva inapoupa msuli amri. Daktari aliweka barafu kwenye glavu, akaigandamiza juu ya kope kama dakika 2. Ikafunguka naona, wallahi! Kipimo cha damu kikathibitisha. Anameza piridostigmini, dawa ya kuipa misuli nguvu, na jana kala wali wa nazi bila kukabwa. Bado skani ya kifua, kuangalia thaimasi, tezi ya kinga iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Wenye mgonjwa kama huyu, mkiandikiwa sindano ya jentamaisini (antibiotiki) mwambieni daktari kwanza. Huzidisha udhaifu wa misuli.