Gesi imeshuka: ni baridi au vijidudu vina njaa?

TopeZito: Habari wadau. Mtambo wangu wa bayogesi unalishwa samadi ya ng'ombe tupu. Tope lilikuwa na nyuzi 28, sasa ni 17, na gesi imebaki kama robo. Jirani anasema vijidudu vina njaa, nilishe maradufu. Mwingine kanishauri nitie unga wa nikeli. Nianzie wapi?

Kibuyu77: Ongeza samadi tu mzee, itakaa sawa.

MamaChachu: Usiongeze! Humo ndani kazi inapokezanwa. Bakteria huozesha samadi na kutoa asidi, hasa ya siki, pamoja na hidrojeni. Methanojeni (hawa ni akea, kundi jingine la vijidudu, si bakteria) ndio huvigeuza kuwa methani, ile gesi inayowaka. Baridi hulegeza wote, ila methanojeni huchelewa zaidi. Ukilisha maradufu kwenye nyuzi 17 asidi inarundikana, pH (kipimo cha asidi, kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) inashuka chini ya 6.5, nao wanazidi kugoma. Chakula kimejaa mezani, mlaji amelala.

Nikeli si uzushi. Kimeng'enya kinachokamilisha methani kina kiungo kiitwacho F430, na katikati yake kuna nikeli. Kobalti nayo wanaihitaji. Lakini samadi ya ng'ombe kwa kawaida inayo madini hayo. Upungufu huonekana zaidi mitambo inapolishwa mimea mitupu. Tena unga wa nikeli ukiuvuta puani ni sumu, mimi sitaki hata kuusikia. Pima pH utuambie.

Kibuyu77: Basi apashe mpaka 55, si wapo wanaopenda moto?

MamaChachu: Wapo, ila ni kundi jingine. Ukiruka ghafla unaua ulionao, na joto huongeza amonia huru inayowadhuru. Wapenda baridi wapo pia: Methanogenium frigidum, aliyepatikana Ace Lake kule Antaktika, hustawi kwenye nyuzi 15. Wa TopeZito wametoka tumboni mwa ng'ombe, penye nyuzi 39 hivi.

TopeZito: Nimepima. 6.3.

MamaChachu: Ni asidi hiyo, si njaa. Acha kulisha mpaka ikaribie 7. Ukipata tope la mtambo unaowaka vizuri, mimina ndoo kadhaa. Funika mtambo, na ukirudi kulisha anza na nusu ya kipimo, ukikoroga kwa maji yaliyoanikwa juani. Ila gesi ya nyuzi 28 usiitarajie kwenye 17, hata ukilisha vizuri namna gani.