Vifaranga wa kuroila (aina ya kuku chotara) wanakufa usiku, nifanyeje?

kukumpya_Jinja: Jamani nilinunua vifaranga 50 wa siku moja, leo siku ya nne wameshakufa 9, mchana wako poa ila asubuhi nakuta wamelaliana kwenye kona, umeme huku unakatika hovyo

mzee_wa_banda: Hiyo baridi tu ndugu. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35, weka sigiri ya makaa ila acha hewa ipite maana moshi unaua haraka kuliko baridi. Kona zizibe kwa kadibodi, banda liwe duara

mama_Mbale: Na chini mwaga maganda ya kahawa makavu. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) siku ya 7 usisahau, mie nilisahau nikalia

kukumpya_Jinja: Asanteni, sigiri ipo, naenda kutafuta kadibodi