Naombeni ushauri: sanduku la huduma ya kwanza la ukumbi liwe na nini?

Meneja Mpole: Wakuu, nina ukumbi wa sherehe, watu 300. Jumamosi kwenye sendofu mama mmoja kaanguka akicheza, anatetemeka mwili mzima. MC kammwagia maji, shangazi mtu analazimisha kijiko mdomoni. Alipona, ila ndugu wanasema watanishitaki. Nataka kununua sanduku. Niweke nini?

Mama Wawili: Pole. Gozi, bandeji, glavu, mkasi, plasta. Na kijiko marufuku! Ondoa viti vilivyo karibu, mlaze ubavu, subiri degedege liishe.

Kisiki: Harusi ya shemeji yangu mfupa wa kuku ulimkaba mshenga. Tulimpiga mgongoni mpaka suti ikachanika. Mfupa ulitoka, suti nikalipa mimi.

Nesi Mstaafu: Hakuna anayeshitaki kwa ajili ya plasta. Mgonjwa alichukua muda gani kutoka ukumbini?

Meneja Mpole: Kama robo saa.

Nesi Mstaafu: Kwa nini?

Meneja Mpole: Gari lilikuwa mlango wa nyuma, na ule una kufuli. Ufunguo anao mlinzi, kaenda kula. Msinirukie! Nikiuacha wazi wazamiaji wanajaa bila kadi, kamati inanigeuka. Tena fundi nimeshampa advansi aweke geti la chuma palepale.

Nesi Mstaafu: Geti tena? Machi 2021 Uwanja wa Uhuru, kumuaga Magufuli, watu 45 walikufa kwa kukanyagana. Sasa huko kwako umeme upige shoti, 300 wagombanie mlango mmoja. Weka mlango unaofunguka kwa nje, wenye bomba la kusukuma kwa ndani, nje usiwe na kitasa. Mzamiaji haingii, mgeni anatoka. Namba 114 ya Zimamoto ibandike ukutani. Na wahudumu wawili wafundishwe kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Meneja Mpole: Na advansi yangu?

Jicho la Mwewe: Chai hii. Mwezi jana huyuhuyu alikuwa anatafuta chumba cha elfu hamsini. Leo ana ukumbi?

Meneja Mpole: Ni wa baba mkwe. Mimi msimamizi tu.

Jicho la Mwewe: Mkwe anajua?

Meneja Mpole: Yuko msibani Muheza. Sitaki kumsumbua.

Mama Wawili: Mtihani huu.

Kisiki: Huyo fundi anachaji bei gani? Geti langu limeoza.