Naomba ushauri: kuingiza utomvu wa mpira Mtwara kwa ajili ya glovu za wabangua korosho

BintiShangani: Wadau, salaam. Sisi ni kikundi cha akina mama hapa Mtwara, tunataka kutengeneza glovu za wabangua korosho. Mafuta ya ganda yanawaunguza vidole, ngozi inakuwa nyeusi halafu inabanduka, na wengi kinga yao ni majivu tu. Muuzaji wa Thailand ametuma profoma (ankara ya awali) ya mapipa ya utomvu wa mpira asilia, wenye mpira asilimia 60 na amonia nyingi. Wakala mmoja anasema tutume hela, vibali tutahangaikia mzigo ukifika. Roho inasita. Tuanzie wapi?

Mzee wa Forodha: Dada, huyo wakala achana naye. Vibali vinatangulia mzigo. Hakikisha profoma inataja msimbo wa forodha 4001.10, ndio wa utomvu wa mpira asilia. Ikiandikwa "gundi" au "kemikali" tu, mtabishana na TRA huku gharama za kuhifadhi mzigo bandarini zinapanda. Hata ushuru ukiwa sifuri, VAT ya asilimia 18 iwekeni kwenye hesabu.

Pili ni TBS, Shirika la Viwango. Ukaguzi wa ubora unafanyika kule kule unakotoka mzigo, kabla haujapakiwa, na cheti kinatoka huko. Muuzaji akigoma kukaguliwa, msimlipe.

Tatu, Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa sababu ya amonia, wapelekeeni karatasi ya usalama ya bidhaa mkaulize kama mnatakiwa kusajiliwa chini ya sheria ya kemikali ya 2003. Jibu liwe la maandishi, la mdomo halitawasaidia getini.

Fundi Mpira: Shikamoo Mzee. Dada, kabla ya vibali nina neno. Mpira asilia haupatani na mafuta: unavimba, unalegea, unatoboka. Chukueni glovu ya mpira asilia, mloweke kidole chake kimoja kwenye mafuta ya ganda, kesho yake mkivute. Mnachokihitaji huenda ni utomvu wa naitraili, ule wa viwandani. Huo msimbo wake ni 4002.51, kwa hiyo karatasi zote zinabadilika.

BintiShangani: Asante kaka, hilo hakuna aliyetuambia! Na ule utomvu wa mashamba ya NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa, Kihuhwi kule Muheza, hatuwezi kuutumia kwa glovu za kuoshea vyombo?

Fundi Mpira: Kwa vyombo mpira asilia unafaa. Ila utomvu mbichi una mpira kama asilimia 30 hivi. Kufika 60 unahitaji mashine ya kuuzungusha kwa kasi ili maji yapungue. Waulizeni kwanza wanauza katika hali gani. Mkiagiza nje, pipa likifunguliwa lifungwe upesi, kwani amonia ikipaa utomvu unaganda. Msiuweke chini ya bati hapo Mtwara, joto litauharibu.

Mzee wa Forodha: Marahaba. Niongeze: mkifikiria kuuza hospitali, hapo TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inaingia, tena ni safari ndefu. Anzeni na wabanguaji. Na ulizeni meli mapema, makontena mengi yanashukia Dar halafu yanakuja kwa barabara. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata njia pale Somanga, mizigo ililala.

BintiShangani: Kidole cha glovu tumeshakiloweka leo jioni. Profoma ya naitraili naiomba kesho, na jina la wakala mpya nitalihakiki TRA kabla hatujatoa hata shilingi.