Ng'ombe kazaa miezi mitano sasa, joto hakuna

Wakuu habari za jioni, mwenzenu nipo Njombe huku nina ng'ombe mmoja tu wa maziwa, chotara wa Friesian, uzao wa pili, alianza na lita 14 kwa siku sasa kashuka mpaka 9 na tangu azae hajaingia joto, yaani hajaonyesha kutaka dume, hata mara moja. Mmoja kaniambia nimchome homoni, mwingine eti ni tasa niuze. Anakula matete na mabua ya mahindi, pumba nampa kopo mbili wakati wa kukamua. Nifanyeje?

Jibu 1
Tasa wapi na kashazaa mara mbili 😂 Hebu mwangalie kwa nyuma, nyonga zimechongoka? Mbavu zinahesabika?

Mwenye mada
Mbavu zote naziona mkuu, na pale mkia unapoanzia kuna shimo ngumi inaingia.

Jibu 2
Njaa hiyo. Ng'ombe akishazaa maziwa yanapanda haraka kuliko anavyoweza kula, anaanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake, sasa lita 14 kwa kopo mbili za pumba na mabua?? Mwili ukibanwa hivyo uzazi ndo unasimama kwanza, yai halipevuki, joto litoke wapi, hapo homoni unachoma hela tu. Matete kata yakiwa kama mita moja, yakikomaa ni kuni hayo. Pumba changanya na mashudu ya alizeti, mimi nakadiria kilo 1 kwa kila lita 3 zinazozidi zile 5 za mwanzo, na madini ya unga yasikosekane maana fosforasi ikipungua nayo inachelewesha joto. Ila ongeza taratibu kwa wiki mbili, ukimmwagia kwa pupa tumbo litachafuka.

Jibu 3
Naongezea, kondo lilitoka vizuri? Kizazi kikiwa kichafu hata umlishe keki. Na muangalie alfajiri na usiku, kuna joto la kimya, linapita bila dalili za wazi. Halafu usije ukavuka mpaka, mimi mtamba wangu nilimnenepesha kama kiboko, kapandishwa mara tatu na kila baada ya siku 21 anarudi joto.

Mwenye mada
Kondo lilitoka siku ileile. Asanteni wakuu, kesho nashuka mjini kutafuta mashudu. Ila hayo matete mmenigusa, yangu yananizidi urefu mimi mwenyewe na nilikuwa najisifia nayo kwa majirani.